Fasihi ya Nchi Kavu na Kosa la Wanaoisifu

Ziko sifa zinazojenga, na ziko sifa zinazobomoa. Mtu akisifiwa kwa jambo asilolitenda, na lile alilolitenda likafunikwa, hakuheshimiwa, amenyang'anywa. Hivi ndivyo ilivyo hali ya fasihi ya nyika ya katikati ya Tanzania, yaani fasihi ya Wagogo, Wakaguru na jirani zao wakaao katika uwanda wa Dodoma. Kwa muda mrefu fasihi hii haikusifiwa wala haikulaumiwa, kwa kuwa haikuhesabiwa kuwa fasihi. Sasa imeanza kutajwa katika madarasa na mikutano ya wasomi, na aghalabu itajwapo husifiwa kwa jambo moja: kwamba wenyewe huishi kwa amani na maumbile, huipenda ardhi kama mama, na nyimbo zao ni mwangwi wa upepo na ndege. Maneno haya ni matamu masikioni. Walakini si ya kweli, na madhara yake yamkini ni makubwa kuliko yale ya kimya kilichotangulia.

Makosa ni mawili, na yafaa yatengwe. La kwanza ni la kuipima nchi kavu kwa kipimo cha bahari. Ushairi wa Kiswahili ulikulia pwani, ukajifunza kusema kwa jahazi na tanga, kwa wimbi na lulu, kwa mnazi, kusi na kaskazi. Hapana lawama katika hilo. Kila fundi hufanya kazi kwa mti uliomea kwao. Lawama huanza pale msomi anapoifanya bahari kuwa ndiyo maumbile yote, akamwona mtunzi aliyesema kwa mtama, vumbi na mbuyu kuwa ni maskini wa taswira. Kosa hili ni la wazi, na kosa la wazi hujibika upesi. La pili huja katika sura ya rafiki. Huipa nyika kiti cha mbele, huivika shada la maua, kisha huizuia isiseme neno lake.

Chanzo cha kosa hili la pili si cha hapa. Wanafunzi wa fasihi siku hizi husoma habari za washairi wa mataifa ya asili ya Amerika, na hasa Wamaya wa Guatemala na Mexico, ambao kwa miaka ya karibuni wameandika vitabu vingi kwa lugha zao wenyewe. Kusoma habari hizi ni jambo jema, kwa maana zina mafunzo makubwa kwa Afrika. Bahati mbaya mafunzo yenyewe huachwa njiani, yakaletwa maganda. Huletwa kauli kwamba Mmaya ni mwana wa mahindi na ndugu wa ndege, kisha kauli hiyo hubandikwa juu ya Mgogo na Mkaguru kama kiraka cha kitambaa kigeni.

Na itazamwe kweli ya Wamaya wenyewe. Humberto Ak'abal, aliyezaliwa Momostenango mwaka 1952 na kufariki mwaka 2019, alitunga kwa lugha ya Kik'iche' na kujifasiri mwenyewe kwa Kihispania. Ni kweli kwamba aliingiza milio ya ndege ndani ya mashairi yake, na wasomaji wa Ulaya walimpenda kwa hilo. Lakini mshairi huyo huyo, mwaka 2004, aliikataa tuzo kuu ya fasihi ya Guatemala, kwa sababu ilibeba jina la Miguel Ángel Asturias, mwandishi ambaye katika tasnifu yake ya mwaka 1923 aliwaandika wenyeji wa asili kuwa watu duni wa kuchanganywa damu ili waendelee. Nchi aliyoiimba ilikuwa nchi ya vita vya tangu mwaka 1960 hata 1996, ambamo watu zaidi ya 200,000 waliuawa au kupotezwa, na walio wengi wao walikuwa Wamaya. Mashamba ya mahindi yalichomwa na vijiji vikafutwa. Mtu akiyasoma mashairi yatokayo katika nchi ya namna hiyo, akaona ndege tu, hakusoma. Kwa Ak'abal kumwita ndege kwa jina lake la Kik'iche' ni kudai kuwa kuna watu walioijua nchi ile kabla ya mnyang'anyi, na ambao wangali wanaijua. Ni shauri la haki, halina uhusiano na upole wa mchungaji wa kondoo aliyechorwa juu ya sahani.

Basi funzo la kweli kutoka kwa Wamaya ni hili: fasihi ya watu waishio kwa ardhi haipasi kuulizwa kama inayapenda maumbile. Yapasa kuulizwa ina hesabu gani nayo, nani anadaiwa, nani analipa, na nani amekuja kutoka mbali akavunja mapatano. Swali hili likishikwa sawasawa, na likapelekwa Mlali, nyika huanza kusema.

Mlali i katika Wilaya ya Kongwa, upande ambako nyika ya Ugogo hukabiliana na nchi ya Wakaguru. Ni nchi ya msimu mmoja wa mvua. Dodoma mjini hupata wastani wa karibu milimita 570 kwa mwaka, na karibu mvua yote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine ni ya jua, upepo na vumbi. Tena mvua hiyo haina ahadi. Huweza kuja kwa wingi juma moja, ikakatika majuma matatu wakati mtama unapotaka kuchanua, ikarudi wakati shamba limekwisha kukauka. Mkulima wa nchi hii hupanda mtama na uwele kwa kuwa nafaka hizi huvumilia. Hujenga, au babu yake alijenga, tembe lenye paa la udongo. Na mkewe huchuma mlenda na mboga nyingine za porini wakati wa masika, akazikausha na kuzitwanga ziliwe kiangazi. Mtu wa namna hii hawezi kuyasema maumbile kama mgeni aliyekuja kutazama machweo. Huyasema kama mtu asemavyo habari za mshirika mwenye nguvu, mgumu, asiyetabirika, ambaye haiwezekani kumwacha.

Washirika hao ni wengi, nao hawafanani. Wachukuliwe ndege wawili tu. Mlembe ni ndege mdogo amwongozaye mrina asali. Huja akapiga kelele karibu na mtu, akaruka mti hata mti mpaka penye mzinga wa nyuki. Mtu huwasha moshi, huchukua asali, na ndege hupata nta na majana. Hapa pana mapatano ya zamani kati ya mtu na kiumbe asiyefugwa, na kila upande una fungu lake. Ndege wa pili ni kwelea kwelea, ambaye huja kwa makundi ya kufunika jua, akashuka juu ya uwele uliokaribia kuvunwa, na jasho la miezi mitano likaisha kwa siku chache. Kwa ajili yake hujengwa dungu shambani, na watoto hupanda huko tangu alfajiri na makombeo, makopo na sauti zao. Ndege mmoja ni mbia, wa pili ni mwizi. Msomi asemaye kwamba watu wa nyika huwapenda ndege, na amwulize mtoto aliyeshinda juu ya dungu bila chakula cha mchana. Atajibiwa kwa wimbo, na wimbo huo hautakuwa wa mapenzi.

Si ajabu kwamba Mathias Mnyampala, Mgogo aliye mashuhuri kuliko wote katika fasihi ya Kiswahili, alikipa kitabu chake kimoja jina la Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili. Katika jina hilo mtu hatajwi kwa kabila lake wala kwa cheo. Anatajwa kwa kazi yake katika mwitu. Jina lenyewe ladokeza ni kwa mlango gani watu wa nchi hii waliingia katika maumbile. Waliingia kwa mlango wa kazi.

Majina ya mahali nayo ni fasihi, tena ni fasihi ya kwanza. Katika zama za misafara, eneo kavu lililokuwa kati ya Mpwapwa na Ugogo liliitwa Marenga Makali, maana yake maji makali, maji yasiyonyweka. Na mbele zaidi, kuelekea Unyamwezi, palikuwa na Mgunda Mkali. Maneno mawili mawili, nayo yaliokoa roho za wapagazi wengi, kwa kuwa yalimwambia mtu ajaze kibuyu kabla ya kuingia. Na jina la Dodoma lenyewe lina masimulizi mawili yajulikanayo sana, yote yakizunguka neno la Cigogo, idodomya, yaani imezama. La kwanza husema kwamba tembo alikuja kunywa maji mtoni, akakwama katika tope akazama. La pili husema kwamba watu waliwaiba ng'ombe wa wenzao, wakawachinja wakala, kisha wakaisimika mikia katika ardhi. Wenye mali walipofika wakaambiwa kuwa mifugo imezama ardhini, na hii ndiyo mikia iliyobaki.

Masimulizi haya mawili yatazamwe pamoja. Katika la kwanza ardhi inammeza aliye mkubwa kuliko wanyama wote, na hapo mna hofu. Katika la pili ardhi inafanywa shahidi wa uongo, na hapo mna hila na kicheko. Mji mkuu wa taifa umebeba jina ambalo ndani yake mna hofu ya tope na werevu wa mwizi wa ng'ombe. Amani na maumbile haimo. Lakini kuna ujuzi mwingi: ujuzi wa mahali penye maji, wa uzito wa mnyama, wa ulaini wa udongo, na wa namna ambavyo mwenye njaa huitumia nchi kumdanganya mwenye mali. Anayetaka kuisifu fasihi hii, na aisifu kwa ujuzi huo.

Wako watakaojibu kwamba dini ya asili ya Wagogo inathibitisha upendo wao kwa maumbile. Ni kweli kwamba mtemi wa Ugogo alikuwa mwangalizi wa mvua na rutuba, na kwamba alitunza mawe ya mvua aliyoyarithi. Lakini na itazamwe kazi yake. Mtemi aliwajibika. Mvua ilipokosekana, kulikuwa na kosa mahali fulani: taratibu iliyovunjwa, au unajisi ulioingia nchini, na kosa lilitafutwa, likatajwa, likaondolewa. Peter Rigby, mtaalamu aliyeishi kati ya Wagogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika habari za taratibu za utakaso ambamo wanawake, maradhi yalipoingia katika ng'ombe, walivaa mavazi ya kiume, wakashika silaha, wakachunga mifugo na kucheza kwa ukali ili kuutoa uchafu ule katika nchi. Nyimbo zilizoimbwa hapo zilikuwa na kazi ya kufanya. Ziligeuza mpango wa dunia juu chini kwa muda ili mpango huo urudi mahali pake. Kuziita nyimbo hizo sauti ya mapenzi kwa maumbile ni sawa na kuuita wito wa mtu anayezima moto kuwa ni wimbo wa kuusifu moto.

Tena nchi hii ina historia isiyoruhusu maneno laini. Kati ya mwaka 1917 na 1920 Ugogo ulipatwa na njaa iliyoitwa Mtunya. Mvua zilikosekana, lakini mvua peke yake hazikuua watu kiasi kile. Majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo ya vita. Inakadiriwa kwamba watu 30,000 walikufa, kati ya watu kama 150,000. Njaa katika Ugogo hupewa jina kama mtu, na watu huhesabu miaka kwa majina hayo: fulani alizaliwa wakati wa njaa hii, fulani alioa baada ya njaa ile. Kalenda ya namna hiyo ni utungo mkubwa kuliko diwani nyingi. Nayo husema jambo ambalo wasifu maumbile hawalisemi: kwamba maumbile hayaui peke yake, na kwamba mtu akifa kwa ukame, yafaa kuulizwa ni nani aliyechukua akiba yake.

Mnyampala alizaliwa mwaka ule ule wa 1917. Mwaka 1954 alitoa Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, mwaka 1963 Diwani ya Mnyampala, na baada ya kufa kwake mwaka 1969 zikatoka Ngonjera za UKUTA. Wasomi wengi humkumbuka kwa ngonjera, ambazo zilitumika shuleni kufundisha siasa ya taifa, kisha humwacha hapo. Kitabu chake cha historia huachiwa wanahistoria. Mgawanyo huu ni wa kudhulumu. Mwandishi mmoja amekatwa vipande viwili: kipande cha Kiswahili kikapewa fasihi, kipande cha Ugogo kikapewa elimu ya makabila. Ingekuwa ni mshairi wa pwani aliyeandika habari za mji wake kwa nathari, nathari hiyo ingesomwa kando ya mashairi yake, na kila moja ingeangazia nyingine. Kwa nini mtu wa nyika anyimwe desturi hiyo?

Kama kuna adhaniaye kwamba shauri hili ni la wasomi peke yao, na aende Kongwa, wilaya ile ile ya Mlali. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe uliozunguka kwa majuma machache, mara nyingine ukiitazama nchi kutoka juu kwa ndege. Mpango ulikuwa wa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3 za Afrika Mashariki na Kati, sehemu kubwa Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mapema mwaka 1947, baadaye Urambo na Nachingwea. Kongwa ilipendeza kwa sababu ilionekana tupu. Hakuna aliyetua kufikiri kwamba utupu huo ulikuwa maandishi. Watu waliojua kila kisima, walioishi kando ya nchi hiyo kwa vizazi, walikuwa wamekwisha kuisoma na kuiacha kwa malisho na asali.

Matokeo yanajulikana. Matrekta yaliyonunuliwa kutoka mabaki ya vita yaliharibika mmoja baada ya mwingine. Mibuyu ilikataa kung'oka, na ndani ya mashina yake mlikuwa na nyuki walioshuka juu ya madereva. Kiangazi kilipofika udongo ukawa mgumu kama saruji, ukala majembe ya chuma. Mwaka wa kwanza ulikusudiwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikuzidi sana 7,500. Mvua ikafanya kama ilivyozoea kufanya. Mwezi Januari 1951 mpango ulifutwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikawa zimepotea. Sehemu ya ardhi ile leo ni ranchi ya taifa: ng'ombe wamerudi pale ambapo wenyeji walijua tangu zamani kuwa pafaa ng'ombe.

Waingereza wale walikuwa na wataalamu wa udongo na wahandisi, nao hawakuwa wajinga. Walichokosa ni kuamini kwamba maneno ya wenyeji ni elimu. Marenga Makali haikuwa mbali, na jina lake lilikuwa likisomeka kwa yeyote aliyeuliza maana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu hapa hakuwa mtu, alikuwa lugha. Kuna tofauti gani, basi, kati ya mhandisi aliyeyadharau maneno ya nyika na msomi anayeyasifu bila kuyasikiliza? Wote wawili wameiona nchi tupu. Wa kwanza aliijaza karanga, wa pili anaijaza ndoto zake. Wa kwanza alifilisika hadharani. Wa pili hupewa cheo.

Sasa zijibiwe hoja zilizosalia. Husemwa kwamba nyimbo za dungu na masimulizi ya njaa ni za Cigogo na Kikaguru, na kwa hiyo si fasihi ya Kiswahili. Hoja hii ilijibiwa na Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, nayo imejaa uvuvi, kilimo, mitishamba na pombe ya ndizi kwa ukamilifu ambao ni vigumu kuupata kwingine. Haikupata mchapaji. Ilimlazimu kuifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980. Naye akafariki mwaka 1981. Hapana mtu leo anayethubutu kuiondoa riwaya hiyo katika fasihi ya Kiswahili. Kiswahili hakikupungukiwa kwa kumpokea Mkerewe na ziwa lake. Kilichopungua ni miaka 35 ya maisha ya mtu, iliyopotea katika kungoja. Je, nyika nayo ingoje kiasi hicho?

Husemwa pia kwamba kuyatukuza maneno ya makabila ni kurudisha ukabila. Hofu hii ina asili ya heshima, maana umoja wa Watanzania ulijengwa kwa Kiswahili na haufai kuchezewa. Lakini Mnyampala alikuwa Mgogo aliyeandika historia ya Wagogo, tena alikuwa miongoni mwa viongozi wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi. Hakuona vita kati ya kwao na taifa. Lugha ya taifa ikikosa maneno ya nusu ya nchi ya taifa hilo, ni lugha ya taifa kwa jina tu. Kiswahili kilipokea maneno ya Waarabu, Wahindi, Wareno na Waingereza bila kuogopa kupoteza nafsi yake. Kitapata hasara gani kikipokea kutoka Mlali majina ya aina za udongo na hatua za kuchanua kwa uwele?

Husemwa tena kwamba sifa, hata zikiwa za kosa, huvuta macho, na afadhali kusifiwa kuliko kusahauliwa. Mfano wa Hukwe Zawose wafaa kuangaliwa. Mzaliwa huyo wa Ugogo, aliyefariki mwaka 2003, alifundisha katika chuo cha sanaa Bagamoyo, akaipeleka zeze na ilimba hata kumbi za Ulaya, na sahani zake zilitolewa Uingereza. Macho yalivutwa kwa kweli, na heshima aliyoiletea nchi yake ni kubwa. Lakini wengi waliompigia makofi walisikia sauti bila maneno. Kosa si lake. Alisema, na wasikilizaji hawakuwa na mfasiri. Msomi wa Kiswahili hana udhuru huo. Yeye yu karibu, anaweza kuuliza, na hata asipoijua Cigogo atawakuta Mlali watu wengi waijuao lugha yao pamoja na Kiswahili.

Kuna jambo moja la siku hizi linaloonyesha kwamba maneno ya nchi kavu hayajaacha kufanya kazi. Katika Mkoa wa Dodoma wakulima wamekuwa wakihimizwa kuviacha visiki vya miti shambani vichipue, wakipogoa machipukizi dhaifu na kulinda yenye nguvu, badala ya kung'oa vyote na kupanda miche ambayo hufa kwa kukosa maji. Juhudi hiyo imepewa jina la Kisiki Hai. Ni maneno mawili tu, kama Marenga Makali, nayo yamebeba elimu nzima: kwamba kilichokatwa hakikufa, kwamba mizizi ingali chini, na kwamba mwenye panga anaweza kuchagua. Mkulima hakiachi kisiki kwa sababu ya mapenzi. Hukiacha apate kuni, malisho, kivuli na udongo usiopeperuka. Na katika kuhesabu faida yake hivyo, mti unaishi. Hapa wasifu maumbile wangejifunza kwamba hesabu ya mkulima huokoa miti mingi kuliko mapenzi ya msomi.

Kwa hiyo yawapasayo wasomi si mengi, bali ni ya lazima. Nyimbo na masimulizi ya nyika yaandikwe kwa lugha yaliyosemwa, na Kiswahili kando yake, wala Kiswahili kisiachiwe kukaa peke yake kana kwamba ndicho asili. Kila utungo uandikiwe kazi uliyoimbiwa na mwezi ulioimbwa, kwa kuwa wimbo wa Desemba, wakati wa kutazama mawingu, si wimbo wa Mei, wakati wa kuvuna. Maneno ya ardhi, mimea, mifugo na mvua yapelekwe katika kamusi za Kiswahili sanifu. Vitabu vya Mnyampala visomwe vyote pamoja. Na kauli ya kwamba watu fulani huishi kwa amani na maumbile isikubaliwe katika tasnifu yoyote mpaka mwandishi ameonyesha ni utungo gani unaosema hivyo, nani aliutunga, na alikuwa ameshiba au ana njaa.

Tangu mwaka 2007 pana chuo kikuu katika Dodoma, na tangu mwaka 2016 serikali imekuwa ikihamia huko. Majengo yanaongezeka, barabara zinapanuka, na mashamba ya uwele yanasogezwa mbali. Wazee wajuao majina ya njaa hawaongezeki. Mwanafunzi anayetoka Mlali kwenda darasani hupita katika nchi ambayo kila bonde lake lina jina lenye maana. Akifika, hufundishwa mawimbi na majahazi, au hufundishwa kwamba babu yake alikuwa rafiki wa ndege. Yote mawili yanamtenga na urithi wake. Babu yake hakuwa rafiki wa ndege. Alimfuata mmoja hata penye asali na kumpa fungu lake, na mwingine alimfukuza kwa kombeo tangu alfajiri hata jioni, naye alijua yupi ni yupi. Elimu hiyo ya kutofautisha ndiyo iliyomfikisha mjukuu chuoni akiwa hai, na haki yake ni kuikuta huko ikifundishwa.